Mzigo wa "Take" Mabegani mwa "Chukua"

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wengi wetu tunapojifunza Kiingereza huwa tunayaogopa maneno marefu. Mimi naona tunaogopa bure. Neno refu aghalabu huwa na maana moja, mbili zikizidi, na ukishaikariri umemalizana nalo. Maneno ya kuogopwa ni yale mafupi mafupi ya herufi tatu au nne, ambayo mwalimu wa darasa la kwanza alikufundisha asubuhi moja tu, lakini utaendelea kujifunza maana zake mpaka uote mvi. Katika kundi hilo nimechagua moja nililolichunguza kwa muda mrefu, nalo ni kitenzi "take". Nimelichagua kwa sababu limevuka mpaka likaingia katika Kiswahili chetu kwa mlango wa nyuma, na huko lilikoingia limeshaleta hasara.

Hebu kwanza tumfuate Mwingereza mmoja tangu alfajiri mpaka usiku tuone analitumiaje neno lake. Anaamka, anaoga: hiyo ni "take". Anakunywa chai: "take". Ana kidonge cha kumeza: "take" tena. Anapanda basi: "take". Akifika kazini anaambiwa aketi: "take". Mkubwa wake anazungumza naye anaandika anayoyasikia: "take". Saa za mchana anapumzika kidogo: "take". Jioni anampiga mwanawe picha: "take". Akienda benki kukopa, akisimama mahakamani kuapa, akifanya mtihani, akipimwa joto la mwili, akishiriki katika michezo, akilipiza kisasi, hata akiiba mali ya mwenzake, neno ni lile lile. Ni kama kibarua mmoja aliyeajiriwa shambani, jikoni, ofisini na hata kanisani, na kote huko hachoki.

Isitoshe, ukimwongezea kineno kidogo nyuma yake anabadilika kama kinyonga. Mwongezee "off" uone. Ndege hupaa, nguo huvuliwa, bei hupunguzwa na mwizi hutimka mbio, na yote manne yanasemwa kwa maneno hayo hayo mawili. Mwongezee "in". Mgeni hukaribishwa nyumbani, fundi cherehani hupunguza rinda lililo pana, mwanafunzi huelewa somo, na mtu mjinga hudanganywa na matapeli. Sasa jiulize, fundi na tapeli wanahusiana nini? Lakini kwa Mwingereza wanakutana hapo. Ndiyo maana kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, ile ya 1989 yenye juzuu 20, hutumia nafasi kubwa sana kueleza vitenzi vidogo kama hiki, ilhali maneno marefu ya kitaalamu hupewa mistari michache tu.

Nilichukua daftari nikaandika upande mmoja matumizi ya "take" na upande wa pili Kiswahili chake. Upande wa kwanza ulikuwa neno moja kutoka juu hadi chini. Upande wa pili, kumbe, ulikuwa umati wa watu! Kuoga, kunywa, kumeza, kupanda, kuketi, kuandika, kupumzika, kupiga picha, kukopa, kula kiapo, kufanya mtihani, kupima, kushiriki, kulipiza, kuiba, kupaa, kuvua, kuoa, kuvuta pumzi, kuaga. Kila kitendo kina jina lake, na majina hayo hayaingiliani. Nikakaa nikiangalia lile daftari nikajiuliza tofauti iko wapi.

Jibu nililolipata ni hili, nawe msomaji ulipime. Mwingereza anaposema "take" anaangalia kitu kinaelekea wapi. Kitu kilikuwa nje, sasa kimekuja kwake: chai imemjia, kiti kimemjia, kidonge kimemjia, basi limemjia. Hataki kujua mkono au mdomo umefanya nini. Mswahili yeye anaangalia tendo lenyewe. Chai inapita kooni, kwa hiyo inanywewa. Kidonge hakitafunwi, kinashuka kizima, kwa hiyo kinamezwa. Basi liko juu, mguu unainuliwa, kwa hiyo linapandwa. Mahali pengine hata njia zinapishana kabisa. Mtu akikata tamaa, Mwingereza anamwambia autwae moyo, ilhali sisi tunamwambia ajipe moyo, au apige moyo konde. Huyu anatwaa, yule anajipa, na wote wawili wanataka mtu asilie.

Sisemi lugha moja ni bora kuliko nyingine, la hasha. Sisi pia tuna kibarua wetu asiyechoka, naye ni "piga". Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga hodi, tunapiga deki, na hakuna anayeumia. Mgeni anayejifunza Kiswahili akisikia kwamba watu wamepanga foleni kupiga kura anaweza kukimbia akidhani kuna vita. Tuna "kula" pia: tunakula kiapo, tunakula njama, tunakula hasara, na wengine wanakula hongo. Kila lugha ina kitenzi chake kipenzi. Shida huanza pale kipenzi cha lugha moja kinapovalishwa nguo za lugha nyingine.

Kabla sijafika hapo, ngoja nieleze kidogo asili ya "take", maana nilipoisoma nilicheka. Neno hili ambalo Waingereza hawawezi kulala bila kulitumia halikuwa lao! Zamani walikuwa na kitenzi chao cha kutwaa, "niman", ndugu wa "nehmen" ambacho Wajerumani wanakitumia hadi leo. Kisha wakaja watu wa kaskazini, Wavikingi, kwa majahazi yao. Mnamo 793 walivamia nyumba ya watawa kwenye kisiwa cha Lindisfarne, na baadaye wengi wao wakalowea mashariki na kaskazini mwa Uingereza, wakalima na kuoa huko. Mmoja wao, Knut, alikuwa mfalme wa Uingereza kuanzia 1016 hadi 1035. Watu hao walikuwa na neno lao, "taka", lenye maana ya kutwaa. Polepole neno la wageni likamsukuma mwenyeji, na "niman" akafa. Amebaki mabaki tu, kama katika neno "numb" la mwili uliokufa ganzi, yaani mwili ambao hisia zake zimetwaliwa. Waingereza waliazima mengi kutoka kwa watu hao, yakiwemo majina ya yai, anga na dirisha, na hata kiwakilishi "they". Kwa hiyo mtu asije akaniambia ninapinga kuazima. Wenye lugha kubwa duniani waliazima hata neno la kuchukulia!

Sasa tumgeukie "chukua" wetu. Siku hizi ukimwuliza mwanafunzi yeyote "take" ni nini kwa Kiswahili, atajibu bila kupepesa jicho: chukua. Lakini chukua hasa ni kubeba, kuwa na mzigo mwilini na kwenda nao. Ushahidi uko kwenye watoto wake. Mchukuzi ni mtu anayebeba mizigo ya watu kwa malipo. Uchukuzi ni kazi ya kusafirisha watu na bidhaa, na ndiyo sababu wizara inayoshughulikia barabara na magari ya abiria iliitwa Wizara ya Uchukuzi, ile ambayo waziri wake, marehemu John Michuki, aliwabana wenye matatu mwaka wa 2004 wafunge mikanda na vidhibiti mwendo. Matatu huchukua abiria 14, yaani hubeba 14. Mama huchukua mimba. Watu wawili wanaovumiliana kila mmoja na tabia za mwenzake husemwa kuwa wanachukuliana, yaani kila mmoja anaubeba uzito wa mwenziwe. Neno la kutwaa tu, bila habari ya mzigo, lilikuwa "twaa", ambalo leo tunalisikia zaidi michezoni, timu inapotwaa kombe, na katika Biblia ya Kiswahili ya 1952.

Maana hii ya kubeba mimi sikuifundishwa darasani. Nilifundishwa na nyanya yangu. Yeye aliishi Mombasa miaka mingi, babu akifanya kazi ya uchukuzi katika bandari ya Kilindini, akipakia magunia ya kahawa, kila gunia kilo 60, kutoka bohari hadi melini. Nyanya hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini Kiswahili chake kimenyooka kama rula, wala hana haja ya kamusi. Kwake yeye, mtu aliyechukua kitu ni mtu anayetembea akiwa nacho. Ukija nyumbani kwake ukaambiwa na mjukuu mwingine "chukua kiti", nyanya atauliza, "Akipeleke wapi?"

Kwa muda wa wiki moja nilikuwa nikitembea na lile daftari langu, nikaandika kila "chukua" iliyonipita masikioni, kwenye matatu, redioni, sokoni, kanisani na hapa hapa shuleni. Nitawapa baadhi.

"Mkutano wa wazazi utachukua nafasi siku ya Ijumaa." Sasa hapo nafasi ya nani? Kuchukua nafasi ya mtu ni kuingia mahali pake baada ya yeye kuondoka. Mkutano hufanyika.

"Wanafunzi wote wachukue picha kabla ya saa nne." Wakazichukue wapi? Ukipigwa picha ya pasipoti kwa mpiga picha mjini, unaambiwa urudi baadaye uichukue. Kuipiga ni kazi ya kwanza, kuichukua ni kazi ya pili. Ukiita zote mbili jina moja, mzazi hajui kama alipie au ameshalipia.

"Dada yangu amechukua mtihani jana." Huyu jamani asiseme hivyo mbele ya askari! Mtu aliyechukua mtihani ni mwizi wa karatasi za mtihani, na nchi hii yetu inawajua watu hao. Dada amefanya mtihani.

"Karibu uchukue chai." Hii nimeisikia nyumba nyingi. Mgeni akiichukua na kikombe akaenda zake, mtamlaumu?

"Serikali ichukue hatua." Hii nami naikubali, na nitasema kwa nini. Kupiga hatua ni kuendelea mbele. Kuchukua hatua ni kufanya jambo ili kurekebisha lililoharibika. Ni maneno mawili, maana mbili, na kila mtu anayasikia vizuri, hata nyanya. Vile vile "kazi hii itachukua muda" haimchanganyi mtu. Kwa hiyo siyo kila "chukua" iliyofanana na "take" ni mbaya. Nyingine zimeshakomaa, zimekuwa zetu.

Lakini kuna moja ambayo siyo ya kuchekesha, nayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Mwaka jana nyanya alisumbuliwa na kizunguzungu, akaenda zahanati moja iliyo mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka kwake. Akapimwa, akaambiwa ana presha, na presha yenyewe iko juu. Akapewa bahasha ya tembe. Muuguzi alikuwa na foleni ndefu mlangoni, akamwambia haraka haraka, "Nyanya, hii dawa utakuwa unaichukua asubuhi na jioni, usikose hata siku moja." Nyanya akauliza, "Naichukua hapa?" Muuguzi, ambaye nadhani alisikia nusu, akajibu, "Ndiyo, ndiyo, asubuhi na jioni. Anayefuata!"

Juu ya ile bahasha yalikuwa yameandikwa maandishi ya Kiingereza na alama ya 1 x 2. Nyanya hasomi Kiingereza. Alichokuwa nacho ni yale aliyoambiwa kwa mdomo, naye aliyatii neno kwa neno. Jioni ile ile akaitia bahasha kikapuni, akaichukua hadi zahanati. Akakuta pamefungwa, askari wa lango akamwambia arudi kesho. Kesho yake asubuhi akaichukua tena, akakaa kwenye benchi na wagonjwa wengine akisubiri kuitwa apewe dawa yake ya asubuhi kutoka kwenye bahasha. Mpaka saa saba hakuitwa, maana jina lake halikuwa kwenye orodha ya siku hiyo. Akarudi nyumbani. Jioni akaichukua tena.

Msomaji usimcheke. Yeye aliwaza vizuri kabisa. Miaka ya nyuma jirani yake alipougua kifua kikuu alitakiwa aende zahanati kila siku kunywa dawa mbele ya muuguzi, maana dawa hizo haziruhusiwi kukatizwa. Mtoto wa jirani mwingine alikuwa akipelekwa kudungwa sindano asubuhi na jioni. Nyanya akaona basi na presha nayo ni moja ya magonjwa hayo. Na neno alilopewa lilikuwa chukua. Aliichukua dawa asubuhi na jioni, bila kukosa, mgongoni mwa milima, na hakuna hata tembe moja iliyoingia mdomoni mwake.

Siku ya tatu aliona giza njiani akakaa chini. Mama mmoja aliyekuwa akitoka sokoni alimshika mkono, akampeleka mwenyewe zahanati. Presha ilikuwa imepanda kuliko siku ya kwanza. Ashukuriwe Mungu alihudumiwa upesi, na kuanzia Ijumaa ile mimi ndiye niliyetumwa kwenda kukaa naye mwisho wa juma.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniangalia nisife?"

Nikaiangalia ile bahasha, nikamwambia, "Nyanya, hapa wamesema umeze tembe moja asubuhi, na moja jioni. Hapa hapa nyumbani."

Akanyamaza kidogo, akanitazama kwa jicho lile la kunipima. "Nimeze?"

"Ndiyo, nyanya. Kumeza tu, na maji."

"Sasa mbona hakusema nimeze? Kumeza nakujua tangu nizaliwe."

Maneno hayo hayajanitoka mpaka leo. Kumeza nakujua tangu nizaliwe. Nyanya hakukosa elimu ya kuielewa dawa yake. Neno alilokuwa akilihitaji alikuwa nalo siku zote, ni neno la silabi mbili tu, la kila nyumba. Aliyelikosa ni yule aliyezungumza naye. Wala simlaumu muuguzi yule kwa ubaya. Amesomea kazi yake kwa Kiingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho, vitabu vyake vinasema "take", bahasha zake zinasema "take", na siku ana wagonjwa wengi na uchovu mwingi, ulimi unatafsiri wenyewe bila kumwuliza mwenye ulimi. Mgonjwa anayejua Kiingereza kidogo husikia "chukua dawa", naye moyoni anairudisha kwenye "take", anaelewa, anaenda kumeza. Mgonjwa asiyejua Kiingereza hana pa kuirudisha. Anabaki na chukua yake mkononi.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo nataka wanachama wenzangu walione. Kiswahili kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza neno kwa neno hueleweka vizuri na watu wanaojua Kiingereza tayari. Anayefungiwa nje ni yule ambaye Kiswahili ndicho alichonacho. Yaani lugha inayosemwa kwa ajili yake inakuwa ngeni kwake peke yake! Na ilhali Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi maana yake si kuimbwa siku za sherehe tu. Maana yake mwananchi akiambiwa jambo linalohusu uhai wake kwa lugha hiyo, aelewe.

Nilipolisema hili katika kikao cha chama, rafiki yangu mmoja wa kidato cha nne, ambaye ni hodari wa mijadala, alinipinga vikali. Akasema, "Wacha ushamba. Lugha hukua. Kama Waingereza waliazima take yenyewe, wewe unatuzuiaje?" Watu wakapiga makofi. Hoja yake ni nzuri, na nililala nayo usiku huo. Jibu langu ni kwamba kuna kuazima na kuna kupunguza, na mambo haya mawili yasichanganywe.

Ukiazima neno unaongeza. Wareno walituachia "meza", ile ya kulia chakula, na meza hiyo haikuiua "meza" ya kumeza. Zote mbili ziko, na mtu hachanganyikiwi akiambiwa ameze dawa iliyo juu ya meza. Waarabu walituachia "kitabu" na "dawa" yenyewe. Waingereza "shati" na "baisikeli". Ghala letu likajaa. Lakini unapomfanya "chukua" afanye kazi ya kunywa, kumeza, kupiga, kufanya na kuketi, hujaleta neno jipya hata moja. Umewafuta kazi vitenzi vitano ukamwachia mmoja kazi za wote sita. Ghala linapungua. Kumbukeni yaliyompata "niman" wa Waingereza: hakuna aliyemfukuza, watu waliacha tu kumtumia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu amekuja na mwenyeji anaugua.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi tukichukie Kiingereza. Mimi mwenyewe nakipenda, na nikikizungumza nataka nitumie "take" kama wenyewe wanavyoitumia, kwa raha zake zote, ndege ipae na tapeli adanganye. Anayejua kwamba "take" ina sura ishirini ndiye atakayeitafsiri vizuri. Anayedhani ina sura moja ndiye anayemtembeza nyanya wa watu na kikapu. Kwa maneno mengine, kukijua Kiingereza sawasawa kunakilinda Kiswahili, na kukijua nusu nusu kunaviharibu vyote viwili.

Basi tufanyeje? Napendekeza mambo matatu, nayo hayahitaji pesa. La kwanza, kila "chukua" inapokuja ulimini, uulize: je, kuna kitu kinachobebwa au kutwaliwa hapa? Kama hakuna, tafuta kitenzi chenye tendo lenyewe, hakiko mbali. La pili, mfikirie msikilizaji asiyejua Kiingereza. Mtie akilini kabisa, mpe sura na leso ya kichwani. Akielewa mara moja, endelea, hata kama neno lilizaliwa ugenini. Asipoelewa, limekwama. La tatu ni la chama chetu. Kila mwaka tunaandika mashairi na kuigiza michezo, na ni vizuri. Lakini tungeweza pia kuandika kwa Kiswahili safi karatasi za kubandikwa kwenye zahanati na maduka ya dawa yaliyo karibu nasi, kama wenyewe wataturuhusu: Meza tembe moja asubuhi na moja jioni. Kunywa maji mengi. Usiimalize dawa ya mwenzako. Rudi baada ya siku 7. Haya si mashairi, lakini yupo mtu atakayeyasomewa na mjukuu wake akapona.

Nyanya hajambo sasa. Anameza dawa yake kila asubuhi na jioni, na presha imeshuka. Zahanati huenda mara moja kwa mwezi, na siku hiyo, kama anavyosema mwenyewe, ndiyo siku ya kuchukua.

Neno chukua limetubebea mizigo ya halali tangu enzi za wachukuzi wa bandarini. Tusilitwike na ya jirani.

Kwaherini mpaka toleo lijalo. Kiswahili kitukuzwe!